Nyuzi za neva zinavyotambuana na kuepukana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Seli ya neva, yaani nyuroni, huchipua nyuzi za namna mbili. Dendriti hupokea ishara na aksoni huzipeleka. Maswali yaliyo hapa yanahusu kipindi ambacho nyuzi hizo bado zinakua na kupigana vikumbo, na jinsi zinavyojua zigusane, zishikane au ziachane.

Kwa nini nyuzi ziepukane? Si lengo la neva ni kuungana?

Ni kuungana na seli inayotakiwa, mahali panapotakiwa. Dendriti za nyuroni moja zikirundikana upande mmoja, sehemu nyingine ya eneo lake inabaki bila mlinzi, na ule upande uliojaa unapokea habari ileile mara kumi. Zaidi ya hapo, matawi ya seli moja yanakaa karibu kuliko ya seli nyingine yoyote. Yasipokuwa na namna ya kutambuana yangeunganishwa yenyewe kwa yenyewe, seli ikawa inazungumza peke yake.

Kujiepuka na kugawana eneo ni jambo moja?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Kujiepuka ni matawi ya seli moja kukwepana, huku yakiruhusiwa kupishana kwa uhuru na matawi ya majirani. Kugawana eneo ni seli tofauti za aina moja kukataa kuingiliana, hivyo kila moja inamiliki kipande chake kama kigae sakafuni.

Ushahidi kwamba ni mifumo miwili unatoka kwa nzi wa matunda, Drosophila. Buu la nzi huyo lina nyuroni za hisia chini ya ngozi zilizogawanywa katika madaraja manne. Jeni ya Dscam1 ikiondolewa kwenye nyuroni ya daraja la nne, matawi yake yanaanza kukatizana yenyewe, lakini mpaka kati yake na jirani wa daraja lilelile unabaki palepale. Mpaka huo hutegemea vitu vingine, ikiwemo kimeng'enya kiitwacho Tricornered na mwenzake Furry.

Uzi unajuaje kwamba umegusa kitu?

Mwishoni mwa uzi unaokua kuna ncha ya ukuaji, kitu bapa kama kiganja chenye vidole vyembamba vinavyotoka na kurudi. Ramón y Cajal aliieleza mwaka 1890 kwa kutazama tishu zilizokufa. Ross Harrison aliiona ikitembea katika tishu hai ya chura mwaka 1907. Vidole hivyo vimejaa nyuzinyuzi za aktini, protini inayoipa seli umbo na mwendo, na juu ya utando wake kuna vipokezi. Kipokezi kikikutana na alama inayokataza, aktini inavunjwa upande huo, vidole vinarudi ndani na ncha inageuka au inanywea kabisa. Kwenye sahani ya maabara, kunywea huko huonekana ndani ya dakika chache, na ncha inaweza kuchanua tena baadaye na kuelekea kwingine.

Kwa hiyo ncha hupapasa zaidi kuliko inavyoona. Kuna alama zinazosambaa na kuhisiwa kwa mbali, lakini alama za kujitambua zimebandikwa kwenye utando, na ili zifanye kazi ni lazima nyuzi zigusane kwanza. Kuepukana huku huanza kwa mguso.

Nzi anapata wapi alama za kutosha kuitofautisha kila seli?

Kutoka kwenye jeni moja tu. Dscam1 ilielezwa mwaka 2000 na ikawashangaza hata watu waliozoea maajabu ya nzi. Ina eksoni 115, yaani vipande vya jeni vinavyounganishwa kuwa maagizo ya protini: 20 ni za kudumu, na 95 zimepangwa katika makundi manne ambamo moja tu huchaguliwa kila kundi. Kundi la eksoni ya 4 lina chaguo 12, la eksoni ya 6 lina 48, la eksoni ya 9 lina 33, na la eksoni ya 17 lina 2. Zidisha: 12 × 48 × 33 × 2 = 38,016.

Kundi la mwisho linahusu sehemu inayopita ndani ya utando, halibadilishi uso wa nje. Kwa utambuzi, idadi ya kuzingatia ni 12 × 48 × 33, yaani nyuso 19,008. Ukikuta maandishi mawili yanapishana kwenye tarakimu hizi, kwa kawaida moja linahesabu protini nzima na lingine linahesabu sehemu ya nje tu.

Kuhakikisha kwamba eksoni moja tu ndiyo inayochaguliwa si kazi ndogo. Katika kundi la eksoni ya 6, RNA, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, hujikunja yenyewe. Kuna sehemu moja ya kutia nanga, na kila eksoni ina kipande kinachoweza kujipachika hapo. Vipande viwili haviwezi kupachikwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo moja inashinda na zilizobaki zinakatwa.

Nyuso hizo zinatambuana vipi?

Kila toleo la protini, yaani kila mchanganyiko wa eksoni zilizochaguliwa, hushikana na pacha wake kamili. Vipande vitatu vya protini vinavyobadilika, vinavyoitwa Ig2, Ig3 na Ig7, hulala kila kimoja juu ya mwenzake wa aina ileile kwenye seli ya pili. Vyote vitatu ni lazima vilingane. Viwili vikilingana na cha tatu kikakataa, mshikamano ni hafifu mno au haupo. Vipimo vya maabara vilivyofanyika kwa matoleo mengi vilionyesha kwamba takribani 95% ya matoleo, yaani zaidi ya 18,000, yana tabia hii.

Kwa nini maelfu? Mia moja hazitoshi?

Fanya hesabu mwenyewe. Kila seli huokota matoleo machache, karibu kwa kubahatisha. Katika baadhi ya seli za jicho la nzi yamekadiriwa kuwa kati ya 14 na 50. Chukulia kila seli ina 30. Ikiwa kapu lina 19,008, uwezekano wa majirani wawili kuwa na angalau toleo moja la pamoja ni chini kidogo ya 5%. Kapu likiwa na 1,000 tu, uwezekano huo unapanda hadi karibu 60%. Likiwa na 100, kukosa cha pamoja ndilo jambo la ajabu.

Hesabu hii ni ya juujuu, kwa sababu kufanana kwa toleo moja kati ya 30 huenda kusitoshe kuzitenganisha nyuzi. Hata hivyo, majaribio ya kupunguza matoleo ndani ya nzi yalifikia jibu hilohilo: yanahitajika maelfu ili seli isimdhanie jirani kuwa ni yenyewe.

Jaribio lililo wazi zaidi ni la kuzipa seli zote toleo moja lilelile. Matawi ya seli moja yanaendelea kukwepana vizuri kabisa, kwa sababu pacha bado yupo. Kinachoharibika ni ujirani: seli ambazo kwa kawaida hupishana na kushirikiana eneo sasa zinakimbiana. Hii ina maana kwamba hakuna toleo lenye ujumbe wake maalumu. Toleo lolote linafaa, mradi jirani asiwe nalo.

Kama protini hizi hushikana, mbona matokeo ni kuachana?

Swali zuri kuliko yote, na jibu liko upande wa ndani wa utando. Mshikamano ndio unaobonyeza kengele. Mkia wa protini ulio ndani ya seli unapeleka ujumbe kwenye aktini na nyuzi zinarudi nyuma. Mkia huo ukikatwa na sehemu ya nje ikaachwa, dendriti zinagusana na kubaki zimegandana. Sehemu ya nje inajibu "ni nani huyu?" na mkia unaamua la kufanya. Anayetengeneza protini hizi kwa ajili ya majaribio alikumbuke hili, maana toleo lisilo na mkia halipimi kujiepuka, linapima gundi.

Binadamu na panya nao wana Dscam yenye matoleo 38,016?

Hapana. Wana jeni ya DSCAM, na jina lake limetokana na ugonjwa wa Down kwa sababu iko kwenye kromosomu ya 21, lakini haina utitiri huo wa matoleo. Katika retina ya panya, yaani tabaka la jicho linalopokea mwanga, kazi yake ni tofauti kidogo: ikikosekana, seli za aina moja zinajikusanya na kushikamana kwa mafungu. Inaonekana inapunguza makali ya protini nyingine zenye kunata, bila kuipa kila seli kitambulisho chake.

Kazi ya kitambulisho kwa wanyama wenye uti wa mgongo imechukuliwa na protokadherini za makundi, protini za kwenye utando wa seli ambazo jeni zake zimekaa kwa makundi. Panya ana 58, zilizopangwa mfululizo katika makundi matatu: alfa 14, beta 22 na gama 22. Za binadamu ni zaidi ya 50, kwenye kromosomu ya 5. Pweza naye, asiye na uti wa mgongo, alipochambuliwa jeni zake mwaka 2015 alikutwa na protokadherini 168. Lakini hizo zilipatikana kwa njia yake mwenyewe.

Alama 58 zinatosha vipi wakati nzi anahitaji maelfu?

Kwa sababu sheria imegeuzwa. Kwa nzi, kufanana kidogo tu tayari kunatia shaka kwamba huyu ni mimi, ndiyo maana kapu linatakiwa kuwa kubwa mno. Kwa panya, kutofautiana kidogo tu kunatosha kusema huyu si mimi.

Tuseme kila seli inabeba protokadherini 15. Majirani wawili watakaookota 15 kila mmoja kutoka 58 watafanana kwa wastani wa karibu 4. Kwa sheria ya nzi, kila nyuroni ingemkimbia kila jirani. Lakini protokadherini hazifanyi kazi mojamoja. Kwenye utando mmoja hujipanga wawiliwawili bila kujali aina, kisha kila mkono hutafuta pacha wake kwenye utando wa pili. Pande zote zikilingana, mnyororo unaendelea kurefuka kati ya tando mbili kama zipu inayofungwa. Ikitokea aina ambayo upande wa pili haina, zipu inakwama hapo. Mnyororo mfupi hautoi ujumbe wa kutosha, na nyuzi zinapishana kwa amani.

Katika seli za K562, ambazo ni seli za damu ya binadamu zinazokuzwa maabara na kwa kawaida hazishikani, hili limeonekana kwa macho. Seli zenye seti moja ya matoleo matano hukusanyika pamoja. Ukiongezea kundi moja toleo la ziada ambalo jingine halina, makundi yanajitenga.

Nyuroni inachaguaje alama zake?

Kila eksoni inayobadilika ya protokadherini ina swichi yake ya kuwashia. Nyingi zimezimwa. Protini ya CTCF hukaa kwenye swichi iliyofunguliwa, na pete ya kohesini inaikunja DNA mpaka swichi hiyo ikutane na kichocheo kilicho mbali. Nakala ya kromosomu iliyotoka kwa mama na ile ya baba huchagua kila moja kivyake. Matoleo matano ya mwisho, yanayoitwa ya aina C, hayafuati bahati nasibu hii, na ndiyo yanayotumika pale seli nyingi zinapotakiwa kuvaa alama moja.

Wapi seli nyingi zinatakiwa kuvaa alama moja?

Mfano uliochunguzwa vizuri ni nyuroni za serotonini. Ni chache, zimekaa chini ya ubongo, na aksoni zake zinatakiwa kutandazwa karibu kila mahali. Zote hutegemea toleo moja, alfa-C2, kwa hiyo kila uzi wa serotonini unamwona mwenzake kama yeye mwenyewe na kusogea. Hapo mfumo wa kujiepuka umegeuzwa kuwa mfumo wa kugawana eneo. Alfa-C2 ikiondolewa kwa panya, nyuzi zinarundikana sehemu moja na kuacha nyingine wazi.

Kwenye neva za harufu mambo ni kinyume. Kila aksoni inahitaji alama tofauti ili nyuzi nyingi ziweze kukusanyika kwenye kituo kimoja. Watafiti walipozilazimisha zote kuvaa alama zilezile, zilikataa kukusanyika na panya wakashindwa kutofautisha harufu.

Nini hasa huharibika seli ikishindwa kujiepuka?

Mfano bora ni seli ya nyota ya retina, ambayo matawi yake hutoka katikati pande zote kama miale. Zikiondolewa protokadherini zote 22 za gama, miale inaangukiana na kufanya vifundo. Ikirudishwa moja tu, yoyote ile, miale inanyooka tena. Na si suala la umbo peke yake: seli zilizopoteza gama hujitengenezea sinapsi, yaani viungo vya kupitishia ishara, zenyewe kwa zenyewe, na saketi inayotambua kitu kinaelekea upande gani inapungukiwa na uwezo.

Kuna njia nyingine za kuepukana mbali na Dscam1 na protokadherini?

Zipo kadhaa, na seli moja inaweza kutumia zaidi ya moja. Seli za Purkinje za ubongo mdogo hutumia pia protini ya Slit2 na kipokezi chake Robo2. Seli za nyota za retina hutumia protini za semaforini 6A na pleksini A2. Mnyoo C. elegans hana Dscam ya matoleo mengi wala protokadherini za makundi. Nyuroni yake ya PVD hutumia protini ya netrini, iitwayo UNC-6, pamoja na vipokezi UNC-40 na UNC-5.

Kisha kuna kuepukana kwa nyuzi za asili tofauti. Mwaka 1987 ilionekana kwamba aksoni ya retina ikigusana na ya mfumo wa simpathetiki (neva zinazoendesha viungo vya ndani bila hiari) kwenye sahani, ncha inanywea. Utafutaji wa vitu vyenye nguvu hiyo ulifikia kolapsini mwaka 1993, ambayo leo huitwa semaforini 3A.

Nikiona nyuzi mbili zimekatizana kwenye picha, je, zimeshindwa kuepukana?

Si lazima. Dendriti za nzi hukua zikiwa zimebanwa kati ya ngozi na tandiko la chini yake, karibu kama mchoro kwenye karatasi, na integrini, protini za kunata, ndizo zinazozishikilia hapo. Integrini zikipungua, tawi moja huzama ndani ya ngozi na kupita chini ya jingine bila kugusana nalo. Ukitazama picha iliyobanwa kuwa bapa utasema kujiepuka kumeharibika, kumbe matawi hayakukutana kabisa. Makosa mengi ya tafsiri yameanzia hapa.

Ninapimaje kujiepuka kwa dendriti za buu la nzi?

1. Wakuze nzi kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi bila kubadilisha. Mfumo wa GAL4, unaotumika kuwasha jeni kwenye seli zilizochaguliwa, huongezeka nguvu kwenye 29, na vikundi viwili vilivyokuzwa kwa joto tofauti havilinganishiki.
2. Tumia ppk-GAL4 kuangaza daraja la nne, na protini ya mwanga inayokaa kwenye utando, si inayoelea ndani ya seli. Matawi membamba hupotea ukitumia ya pili.
3. Dscam1 ikiondolewa mwili mzima mnyama hafiki mbali. Tengeneza seli mojamoja zenye kasoro ndani ya mnyama mzima kwa njia ya MARCM.
4. Chagua mabuu ya hatua ya tatu, yalaze hai kwenye gliseroli chini ya kioo chembamba, na upige picha kwa hadubini ya konfoko kwa tabaka za mikromita 0.5 hadi 1.
5. Fuatilia matawi kwenye tabaka zote, kisha hesabu mikatizo ambayo nyuzi zimegusana kweli.
6. Gawanya kwa urefu wote wa dendriti. Seli yenye kasoro mara nyingine ina matawi machache, na bila kugawanya itaonekana ina nidhamu kuliko seli nzima.
7. Anayehesabu asijue picha ni ya kundi lipi.

Kama ni mara ya kwanza, anza na daraja la kwanza. Matawi yake ni machache na kwa kawaida hayakatizani sana, hivyo kasoro inajitokeza yenyewe.

Na jaribio la mistari kwenye sahani, huwa linashindikana wapi?

Jaribio hili hupaka sakafu ya sahani kwa mistari ya aina mbili inayopishana, kila mmoja mikromita 90 katika mtindo wa asili, kisha aksoni huachwa zichague. Ndilo lililoonyesha kwamba aksoni za retina ya kifaranga zinazotoka upande wa panja huukwepa utando wa sehemu ya nyuma ya tektamu, eneo la ubongo linalopokea ishara za macho, na baadaye protini ya efrini A5 ikatambuliwa kuwa mmoja wa wakatazaji.

Kosa la kwanza ni kutumia efrini iliyoyeyuka mojamoja. Vipokezi vya efrini, viitwavyo Eph, huamka vizuri efrini ikiwa imefungwa mafungu, kwa hiyo efrini-A5-Fc (efrini iliyounganishwa na Fc, kipande cha kingamwili) ichanganywe kwanza na kingamwili dhidi ya Fc. La pili ni kuvuja kwa mifereji ya silikoni. Tia rangi kwenye mstari mmoja na uangalie kingo kabla ya kuweka tishu. La tatu ni kukosa sahani ya kulinganishia yenye Fc tupu kwenye mistari yote. Aksoni zikifuata mistari hata hapo, zinafuata mkwaruzo au unene wa tabaka, hazifuati efrini.

La nne huwauma hata wazoefu. Ukimwaga kemikali ya kukazia tishu ikiwa baridi, ncha za ukuaji zinanywea kabla hazijakaza, na unapata kunywea kote hata kwenye sahani ya kulinganishia. Pasha moto paraformaldehaidi 4% hadi nyuzijoto 37, ongeza sukrosi, na uimimine taratibu pembeni.

Kuna ugonjwa wa binadamu unaotokana na hitilafu hizi?

Uhusiano wa DSCAM na ugonjwa wa Down ni wa mahali ilipo jeni, na mtu asihitimishe zaidi ya hapo. Ulio wazi zaidi ni wa PCDH19, protokadherini iliyo nje ya yale makundi matatu, kwenye kromosomu ya X. Mabadiliko yake huleta kifafa kwa wasichana wenye nakala moja nzima na moja mbovu, huku wanaume wengi wenye nakala mbovu pekee wakiwa hawana kifafa. Inaonekana kinyume mpaka ukumbuke kwamba kila seli ya msichana huzima X moja. Ubongo wake unakuwa na mchanganyiko wa seli zenye alama na zisizo nayo, na seli hizo zinabaguana. Wa mvulana ni wa namna moja.

Je, kuzuia kuepukana kungesaidia neva za uti wa mgongo kuota tena baada ya ajali?

Alama za kujiepuka sizo zinazozuia hapo. Aksoni iliyokatwa kwenye uti wa mgongo hukwama kwa sababu ya vizuizi vya mayelini (ala inayofunika aksoni), kama Nogo, kwa sababu ya kovu lililojaa proteoglikani, yaani protini zenye minyororo ya sukari, na kwa sababu nyuroni iliyokomaa imepunguza nguvu yake ya kukua. Semaforini 3A huonekana pia ndani ya kovu, na hapo ndipo mada hizi mbili zinapogusana.